Skimu zilizojengwa kwa kodi zinahitaji ulinzi ulioandikwa kwenye hati

Nenda kwenye skimu za mpunga za Mbarali, Mbeya, au Pawaga, Iringa, useme ardhi ya kilimo iwekewe ulinzi wa kudumu, na swali la kwanza utakaloulizwa ni watu wanahamishwa lini. Hawana kosa. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu, likatoka Tangazo la Serikali Na. 28 la mipaka, na mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa hadi Usangu, na vijiji vikakaa miaka mingi vikigombania mpaka. Lakini hoja ninayoitetea inachanganywa na uhamishaji ilhali haimwondoi mtu hata mmoja.

Ninachosema ni mkataba. Mwenye shamba anabaki nalo, analima, anarithisha, na akitaka anauza. Anachokiachia ni haki ya kulikata viwanja vya nyumba au kulichimba, na kwa haki hiyo analipwa. Zuio linaandikwa kwenye hati, hivyo linamfunga kila atakayenunua baadaye. Marekani wamelizoea: kaunti ya Suffolk, New York, ilianza kununua haki hizo kwa wakulima miaka ya 1970, jimbo la Maryland likaanzisha mpango wake mwaka 1977, na chini ya sheria ya kilimo ya 2014 serikali kuu huchangia hadi nusu ya thamani ya mkataba. Kiasi cha malipo hupatikana kwa kuondoa bei ya shamba kama shamba kwenye bei ambayo lingeuzwa kwa ujenzi.

Sasa tazama skimu zetu za umwagiliaji. Banio la kuchepusha maji ya mto, mfereji mkuu na vigawa maji vimejengwa kwa fedha za umma, nyingine za mkopo ambao bado ni wetu sote kulipa. Mkulima wa katikati ya mfereji akiuza jaruba lake, yaani kipande chake cha mpunga, kwa mfyatua matofali, udongo wa juu unaondoka na linabaki shimo. Jirani yake akijenga nyumba, msingi unakaa juu ya mtaro wa kutolea maji, na mvua za masika zikija maji yanarudi kwenye mpunga wa watu wengine. Kisha kuna ada ya skimu. Kila jaruba linalotoka kwenye kilimo linaacha gharama ileile ya kusafisha mfereji kwa wanachama wachache zaidi. Ada ikipanda wengine wanashindwa kulipa, usafishaji unasuasua, tope linajaa, na wa mwisho wa mfereji hawapati maji kabisa. Wa mwisho naye anauza. Hakuna aliyevunja sheria hapo, kila mmoja ameuza kilicho chake, na skimu nzima imekufa. Hasara hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu haionekani kwenye hesabu ya halmashauri yoyote.

Wapo wanaosema tayari tuna mipango ya matumizi bora ya ardhi chini ya sheria ya 2007, na kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo kununua haki hiyo ni kulipia kilicho chetu. Kisheria wana hoja. Ila mpango unaweza kurekebishwa, na kibali cha kubadili matumizi hutolewa. Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, pana kituo cha utafiti wa kilimo na udongo wa volkano, lakini leo nyumba zimetambaa kuelekea mashambani pande zote za barabara kuu. Na mkulima anayezuiwa bila kulipwa atatafuta njia ya kukwepa. Akilipwa, naye ana sababu ya kulinda makubaliano.

Upande wa pili una neno zito zaidi: maskini ana shamba tu. Mtoto akiugua au ada ya shule ikidaiwa, anauza kipande, na zuio linashusha bei ya kipande hicho daima, hata kwa wajukuu wasiokuwapo wakati wa kusaini. Hili nalikubali, na ndiyo maana malipo kidogo ya mara moja yatakuwa dhuluma. Heri mkataba ufuate muda wa umiliki, miaka 33 au 66, upitiwe upya ukifika mwisho. Marekani yenyewe imeonja ubaya wake: matajiri waliungana kununua ardhi, wakapandisha thamani ya mikataba kwenye makaratasi na kuitoa kama mchango ili wapunguziwe kodi, hadi Bunge lao likabana mwanya huo mwaka 2022.

Linalobaki ni nani ashike mkataba. Halmashauri haifai kuushika peke yake, kwa kuwa ndiyo inayopima viwanja na kukusanya mapato yake. Shamba la mpunga la Kapunga, huko Mbarali, lilijengwa na serikali, na lilipouzwa mwaka 2006 hekta 1,870 za wanakijiji zilijumuishwa humo. Serikali ilikuwa muuzaji na mlinzi kwa wakati mmoja. Mimi ningeupeleka kwa chama cha wamwagiliaji chenyewe, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa iwe mshika nakala, na lolote la kuufuta lipite kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kupigiwa kura na wale wa mwisho wa mfereji.