Mrefu Huyo, Mpelekeni Marekani!

Januari hapa Mtwara mafundi cherehani ndio wenye mji. Hela ya korosho imeshaingia, nusu imeshatoka, na kilichobaki kinaishia kwenye sare za shule. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu akapimwe sketi. Fundi akashusha futikamba kutoka kiunoni, ikapita goti, ikaendelea kushuka, akaacha kuandika akanitazama.

"Dada, huyu mtoto mnamchelewesha. Mpelekeni Marekani akacheze kikapu. Thabeet si Mtanzania mwenzetu?"

Benchi zima likaitikia. Binti mwenyewe kainama tu. Siku hizi hata kutembea anatembea ameinama, kwa kuchoshwa na habari za urefu wake.

Mimi nimechoka kuliko yeye. Kila mtu hapa mjini ana mpango wa maisha ya huyu mtoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ana raba.

Haya, Thabeet. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya chipukizi wote walioingia NBA, ligi ya kikapu ya wanaume ya Marekani, akaenda timu ya Memphis Grizzlies. Heshima yake iko palepale. Lakini Thabeet ni mwanamume, na hapo ndipo hesabu ya benchi la fundi inapoharibika.

Chukueni Mmarekani Caitlin Clark. Alipokuwa chuo kikuu Iowa watu walijaza kumbi kwa ajili yake, na mwaka 2024 Indiana Fever, timu ya WNBA, ligi ya wanawake ya huko, wakamchagua wa kwanza kabisa. Mshahara wa mwaka wake wa kwanza: dola 76,535. Mwaka mmoja nyuma yake, upande wa wanaume, wa kwanza alikuwa Victor Wembanyama. Yeye alianza na dola milioni 12 na ushee. Mpira wa kikapu uleule, ringi lenye kimo kilekile, tofauti zaidi ya mara 150.

Najua mtaniambia dola 76,535 ni karibu shilingi milioni 200, na nani hapa kwetu Chikongola atazikataa? Sawa, hata mimi nisingezikataa. Na Clark ana matangazo yanayomlipa kuliko mshahara. Lakini huyo ndiye aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima! Mwaka ule ligi ilikuwa na timu 12, kila timu wachezaji wasiozidi 12. Nafasi 144 kwa wanawake wa dunia nzima. Mabasi matatu ya Dar yangewabeba wote na siti zikabaki.

Sasa Diana Taurasi. Huyu ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko mwanamke yeyote katika historia ya WNBA, 10,646, na ana dhahabu sita za Olimpiki, kuanzia 2004 hadi 2024. Kwa miaka mingi kazi yake ilikwenda hivi: majira ya joto anacheza Phoenix, baridi ikiingia anapanda ndege kwenda Ekaterinburg, Urusi, maana kule ndiko kulikokuwa na fedha. Msimu ukiisha kule, huku umeanza. Goti halipumziki, mgongo haupumziki. Mwaka 2015 klabu yake ya Urusi ikachoka kumpokea akiwa hoi, ikamlipa asicheze kwao Marekani. Yaani akae nyumbani apumzike, na hela ya kupumzika ikawa kubwa kuliko mshahara ambao angepata kwa kucheza. Mimi niliposoma habari hiyo nilisimama nikazunguka sebuleni. Mchezaji bora wa nchi tajiri kuliko zote anaambiwa na wageni, "Mama, kwenu wanakuchosha bure, kaa tukulipe sisi."

Na Brittney Griner, mwenzake Taurasi wa Phoenix? Februari 2022 alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow akiwa na vifaa vyenye mafuta ya bangi, alikuwa anarudi kwenye klabu hiyohiyo. Akahukumiwa miaka tisa, akaja kutoka Desemba kwa kubadilishwa na muuza silaha. Vijiweni hapa nilisikia vicheko: alifuata nini Urusi? Alifuata kazi, jamani. Mtu wa Newala akienda Kariakoo msimu wa korosho ukiisha, nani anamuuliza alifuata nini? Kosa la bangi ni lake, simtetei. Ila safari yenyewe ilikuwa ya kibarua cha pili, kama ya nusu ya wenzake.

Halafu kuna ndege. New York Liberty, timu nyingine ya WNBA, walipigwa faini ya dola 500,000 kwa kosa la kuwakodia wachezaji wao ndege mwaka 2021, kwa sababu sheria ya ligi ilikataza. Wanawake wenye mita mbili walijikunja kwenye siti za abiria wa kawaida mpaka 2024, ligi ilipoanza kukodi ndege kwa timu zote.

Sheryl Swoopes, nyota wa ligi hiyohiyo, alijifungua Juni 1997, wiki sita baadaye alikuwa uwanjani. Wanauita ushujaa.

Simkatishi mtoto tamaa. Mwadi Mabika alitoka Kinshasa, akacheza Olimpiki ya 1996 na taifa lake, mwaka uliofuata akaingia Los Angeles Sparks ya WNBA, na akachukua ubingwa mara mbili. Kwa hiyo mlango upo. Ila mwenzetu huyo alifika akiwa mchezaji tayari, hakufika akiwa mrefu tu.

Na huku kwetu uchezaji unatoka wapi? Binti akiwa mrefu anasimamishwa golini kwenye mpira wa pete, basi, kazi imekwisha. Mpira wa pete unampa mikono mizuri ya kufunga, nakubali, lakini haumfundishi kudunda mpira huku anakimbia na mtu kamganda. Shuleni kwao nguzo za kikapu zipo mbili. Ringi moja limeliwa na chumvi ya bahari mpaka limeinama, jingine halina wavu. Mpira ni mmoja, namba 7, wa wanaume. Wanawake duniani kote wanachezea namba 6. Na huo mmoja unatunzwa na wavulana, wakimaliza wao giza limeingia.

Basi anayetaka kumpeleka mwanangu Marekani aanze na mpira namba 6. Nauli ya ndege tutazungumza baadaye. Saa kumi jioni, wakati wavulana wanafunga kamba za raba, yeye yuko bombani na ndoo, kisha jikoni. Nimembana dada yangu juu ya hilo. "Akicheza yeye, ugali utapikwa na nani, wewe?" Nikamwambia ndiyo, mimi. Amekubali Jumanne na Alhamisi. Jumamosi bado tunabishana.