Fidla zikigeuka klarineti

Mwaka 1954 mtunzi Dmitri Shostakovich aliandika kipande kifupi cha kufungulia sherehe, furaha tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kipigwe na okestra ya ukumbi wa Bolshoi huko Moscow. Ufunguo wake, yaani nota iliyo makao ya muziki wote, ni A meja. Leo kipande hicho ni kipenzi cha bendi za jeshi na za shule, zile za ala za kupuliza zisizo na fidla, hasa Marekani, lakini huko kwenye bendi wengi wamekizoea katika A flati. Donald Hunsberger ndiye aliyekipanga upya kwa ajili ya bendi, na katika mpangilio wake uliochapishwa mwaka 1965 alikishusha nusu toni.

Nusu toni ni hatua moja tu, kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kilicho jirani yake kabisa. Hata hivyo wapo wanaoizungumzia kana kwamba mtu amefuta ubeti katika utenzi wa mwenzake. Kwao huo ni ushahidi tosha kwamba bendi, kila ikigusa muziki wa okestra, huukwangua. Hebu tuikalie kidogo hiyo nusu toni, maana ugomvi wote umo humo.

Klarineti ya kawaida ya bendi ni ya B flati: mpigaji akisoma C, sisi tunasikia B flati. Kwa hiyo muziki ukiwa katika A, karatasi yake yeye huandikwa katika B meja, shapu tano. Shapu hupandisha nota nusu toni, flati huishusha, na kadiri alama hizo zinavyozidi ndivyo vidole vinavyotaabika. Tarumbeta vivyo hivyo. Saksafoni ya alto, ambayo ni ya E flati, huangukia F shapu, yenye shapu sita, na saba ndiyo mwisho wa hesabu. Sasa shusha nusu toni. Klarineti na tarumbeta zinapata flati mbili, saksafoni inapata moja. Na kipande chenyewe kinakwenda mbio, mbio za kukata pumzi. Kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akijikwaa kila baada ya nota tatu, vidole vyake sasa vinapita.

Mpiga klarineti wa okestra hayajui mateso hayo. Yeye hubeba klarineti mbili, moja ya B flati na nyingine ya A, na akishika ile ya A karatasi yake inakuwa C meja, haina shapu wala flati. Yaani ule ufunguo wa asili tunaoambiwa umekanyagwa ulikuwa mwepesi kwa mtu mwenye ala mbili. Mwanafunzi ana moja, na mara nyingi hata hiyo ni mali ya shule.

Tena A meja inang'ara kwenye okestra kwa sababu ya fidla. Kati ya nyuzi zake nne, tatu ni D, A na E, na katika ufunguo huo hizo ndizo nota zinazobeba nyumba. Nyuzi hizo huitikia zenyewe hata zisipoguswa. Ondoa fidla, na sababu ya kung'ang'ania A inaondoka nazo. Hunsberger aliuliza: furaha hii ilikuwa ikikaa wapi kwenye nyuzi, na kwenye ala za kupuliza itakaa wapi? Akaihamishia huko. Sioni uharibifu hapo. Naona mtu aliyeelewa kazi.

Wanaopinga, hata hivyo, si watu wa kubezwa. Wana hoja, na hoja yao ina historia. Mwaka 1909 Gustav Holst aliandika msururu wake wa kwanza wa vipande kwa ajili ya bendi ya jeshi, muziki uliozaliwa katika ala za kupuliza. Mwaka 1937 Percy Grainger akafanya vivyo hivyo kwa nyimbo za wanakijiji wa Lincolnshire. Mwaka 1952 Frederick Fennell, kule Rochester, Marekani, akaanzisha kundi dogo la ala za kupuliza ambalo kila mstari una mpigaji wake mmoja, ili muziki wa aina hiyo usikike wazi bila kufunikwa na lundo la watu. Hoja ya watu wa mrengo huu ni nyepesi kueleza: bendi ikizoea kula sahani ya okestra, hakuna atakayeipikia chakula chake. Mtunzi wa leo ataiandikia ya nini, ikiwa jukwaa limejaa Tchaikovsky na Wagner ambao hawadai malipo? Na msikilizaji ataendelea kuiona bendi kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Nakubali pia kwamba kuna sauti ambazo ala za kupuliza hazina. Fidla thelathini zikinong'ona kwa pamoja, upinde ukitetemeka juu ya uzi, hakuna idadi ya klarineti itakayotoa mnong'ono huo. Anayekataa hili hajakaa karibu na okestra.

Lakini hoja hiyo yote inapimwa kwa sikio la aliyeketi ukumbini, mwenye tiketi, katika mji wenye okestra. Aliyeshika ala hajaulizwa. Wala hajaulizwa aliyekaa mahali ambapo okestra haitafika.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko ugomvi wake. Opera ya Mozart iliyosimulia mateka katika jumba la pasha ilifunguliwa Vienna tarehe 16 Julai 1782. Siku nne baadaye alimwandikia baba yake kwamba inabidi aipange upya kwa ajili ya ala za kupuliza, la sivyo mwingine atamtangulia na kula faida. Katika barua hiyohiyo analalamika jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu: kuufanya muziki uziingie ala za kupuliza bila kupoteza nguvu yake. Huyo ni mtunzi mwenyewe, wino wa opera haujakauka vizuri, tayari anatafuta njia ya kuipeleka nje ya jumba la opera. Na miaka mitano baadaye, katika opera yake Don Giovanni, aliwaweka wapiga ala za kupuliza jukwaani wampigie bwana mkubwa akiwa mezani anakula, nao wanapiga nyimbo za opera zilizopendwa wakati huo, mojawapo ikiwa ya Mozart mwenyewe, kutoka opera yake Figaro. Watazamaji waliujua muziki huo, na waliuelewa mchezo, kwa kuwa ndivyo nyimbo zilivyosafiri: kwa midomo ya wapulizaji.

Majeshi nayo yalikuwa na sababu zao. Fidla haiandamani na gwaride, haipendi mvua wala jua, na sauti yake uwanjani humezwa na upepo. Lakini baada ya gwaride wanajeshi haohao walipanda jukwaa la bustani Jumapili, wakawapigia watu Rossini na Verdi. John Philip Sousa, aliyeongoza bendi ya Wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892, aliiacha akaunda bendi yake na kuzunguka nayo hadi karibu na kifo chake mwaka 1932. Alipita katika miji isiyo na okestra, na kwa miaka mingi ya mwanzo redio haikuwapo, na santuri zilikuwa bado changa. Opera ya Wagner iitwayo Parsifal ilipigwa kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la jumba la opera la Metropolitan, New York, mkesha wa Krismasi 1903. Sousa anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba yeye alikwisha kupiga sehemu zake miaka kumi kabla ya hapo.

Nimeifikiria sana miaka hiyo kumi. Ina maana kwamba walikuwapo wakulima na makarani waliomsikia Wagner huyo kabla ya matajiri wa New York kununua viti vyao. Waliusikia bila waimbaji, bila fidla, pengine juani. Mtu akiniambia kwamba hawakuusikia muziki wa kweli, itabidi anieleze walichokisikia ni nini.

Na wakati mwingine bendi huenda mbali kuliko okestra yenyewe. Katika Lohengrin, pia ya Wagner, mna msafara wa bibi harusi Elsa kwenda kanisani. Ndani ya opera unaanza polepole kwa ala za kupuliza za mti, unapanda, unapanda, halafu Ortrud, hasimu wake, anamzuia Elsa mlangoni na yote yanavunjika. Lucien Cailliet, mpiga klarineti wa okestra ya Philadelphia, aliupanga kwa ajili ya bendi ukachapishwa mwaka 1938, na kwa kuwa kwenye bendi hakuna Ortrud, aliuacha msafara ufike. Bendi inajaa sauti mpaka sakafu inatetemeka, na bibi harusi anaingia. Vijana wengi wa Marekani wamekua wakiujua mwisho huo ambao opera iliunyima. Sidhani kuna mpangilio wa bendi unaowatoa watu machozi kama huu, na sababu yake iko kwenye karatasi ya Wagner: alianza na pumzi, Cailliet akamaliza na pumzi.

Panapouma kweli ni kwingine, na hapo nasimama na wapinzani. Kuna mipangilio ya madarasa ya chini ambayo hunyofoa wimbo mmoja kutoka kwenye simfonia, huulaza katika ufunguo rahisi, hukata kila kilicho kigumu, kisha huweka jina la Beethoven juu. Mtoto anapiga dakika mbili za sherehe ambayo hajui ilitanguliwa na dhoruba gani. Na huko Japani, ambako mashindano ya taifa ya bendi za shule yameifikisha sanaa hii kwenye ubora wa kushangaza, kila bendi ina dakika kumi na mbili jukwaani kwa kipande cha lazima na cha hiari kwa pamoja. Mtunzi kama Ravel inabidi akatwe ili aenee. Vijana wanampiga vizuri kuliko watu wazima wengi, lakini wanaompiga ni Ravel aliyekatwa kwa saa ya majaji. Kuhamisha muziki kutoka ala hadi ala ni kazi moja, kuukata viungo ni nyingine, na kosa kubwa la mjadala huu ni kuzitia zote mbili kapu moja.

Hofu ya kwamba bendi haitaandikiwa chakula chake, hiyo nadhani historia imeijibu. Karel Husa, Mcheki aliyehamia Marekani, aliandika Music for Prague 1968 kwa ajili ya bendi ya chuo cha Ithaca, baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia katika mji huo. Kazi hiyo ilitikisa watu kiasi kwamba Husa akaipangia okestra toleo lake. Safari hii okestra ndiyo iliyokuja kuazima. Na bendi za kizazi hicho zilikuwa zimelelewa kwa Wagner na Shostakovich wa kupangwa upya. Huko ndiko wapulizaji walikojifunza kushika mstari mrefu, kusikiliza sauti za chini, kubeba jambo zito kwa dakika ishirini. Mtunzi humwandikia anayeweza.

Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa hili upesi. Ngoma ya beni jina lake ni neno bendi: wazee waliziona bendi za Wazungu zikipita na tarumbeta na mwendo wake, wakachukua walichokitaka, wakakitia mashairi na mashindano ya mitaa. Hakuna anayesema leo kwamba beni ni nakala. Na fidla ya taarabu nayo ilitoka mbali, ikakaa.

Niliyajua haya kwanza kwa mdomo. Katika bendi ya shule nilikuwa klarineti ya tatu, safu ya nyuma, na mwaka mmoja tulipewa Nimrod ya Edward Elgar, kutoka kazi yake ya 1899. Ufunguo wake ni E flati, haukuhitaji kushushwa. Tatizo lilikuwa lingine. Kwenye okestra unaanza kwa nyuzi peke yake, kimya kimya, na upinde unaweza kugeuka bila mtu kujua. Sisi tulikuwa na mapafu. Mwalimu, askari mstaafu aliyezeekea kwenye bendi, alipita kwa penseli akitia alama ndogo juu ya nota zetu: huyu apumue hapa, jirani yake apumue mbili mbele, katikati ya nota, arudi taratibu asisikike. Mbinu hiyo aliiita kupokezana pumzi. Tulifanya mazoezi ya mistari minne kwa wiki mbili. Nilijua pumzi ya jirani yangu kuliko nilivyojua jina la baba yake. Bega lake lilipopanda kidogo nilijua zamu ya kuushika muziki ni yangu.

Miaka mingi baadaye niliusikia ukipigwa na okestra, fidla zote mahali pake. Ulikuwa mzuri, mlaini, hauna mshono. Walioketi karibu nami waliufuata wimbo wa juu. Mimi nilijikuta nautafuta ule mstari wa viola tuliopewa sisi wa klarineti ya tatu, nikaupata, nikaufuata mpaka mwisho, na kila zilipofika zile alama za penseli kifua changu kilijaa hewa.