Nilivyomkamata Mwizi wa Masikio

Wenzangu wakifika umri huu hununua baiskeli ya mazoezi, wakaitundikia nguo. Mimi niliamua kusoma upya hadithi fupi zote za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kubuni wa mwandishi Arthur Conan Doyle, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Ziko 56. Zilitoka gazetini kuanzia mwaka 1891 hadi 1927, halafu zikakusanywa katika vitabu vitano. Riwaya nne za Holmes niliziweka kando. Sehemu kubwa ya ile ya kwanza inahamia jangwani Utah na mwenyewe hata hayupo. Holmes ni mtu wa hadithi fupi: mgeni anapanda ngazi, anaambiwa anafanya kazi gani kabla hajavuta kiti, na kurasa ishirini baadaye mtu yuko chini ya ulinzi.

Kitabu cha kwanza nilikuwa nacho. Cha pili nilikuwa nacho pia, ila kilikaa miaka miwili kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, kikarudi jalada likining'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Cha tatu nilikipata mtumba, na mwenye nacho wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli, juu ya kila hadithi, jina la mhalifu. Nilisoma hadithi 13 kiganja kikiwa kimeziba kichwa cha ukurasa. Cha nne kilikuwa na herufi ndogo kama mchwa. Cha tano nilikisoma kwenye simu.

Kila nikimaliza hadithi naweka vema kwenye daftari. Siku ya kufunga hesabu nikajumlisha: 12, 11, 13, 7 na 12. Hamsini na tano.

Nikajumlisha tena. Nikachukua kikokotoo. Nacho kikasema 55.

Iliyopotea sikuitafuta sana. Kuna hadithi ambayo mtu akiisoma akiwa na miaka kumi na mitatu haimtoki: Bibi Susan Cushing wa Croydon analetewa na posta sanduku la kadibodi, analifungua, anakuta chumvi ya mawe, na ndani ya chumvi masikio mawili ya binadamu. Tena si pacha. Moja la mwanamke, moja la mwanamume. Niliisoma usiku kwenye kitabu cha kuazima, nikalala wiki nzima nimeshika masikio yangu. Na nilikumbuka vizuri kabisa kwamba ilikuwa kwenye mkusanyiko wa pili. Ule uliokwenda kwa shemeji.

Kama hilo halitoshi, kulikuwa na ushahidi wa pili. Hadithi ya masikio inaanza na kipande kitamu: Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia visa vyake, amekaa kimya, anaangalia picha ya Jenerali Gordon ukutani, anahamia kwenye picha nyingine isiyo na fremu, mkono unakwenda wenyewe kwenye jeraha lake la vita (la bega au la mguu, Doyle mwenyewe alishindwa kuamua), na Holmes anamsomea mawazo yote kama anayesoma gazeti. Ni siku ya Agosti, joto la kuchoma. Sasa katika nakala yangu kipande hichohicho nikakikuta ndani ya hadithi nyingine, ile ya mgonjwa aliyehamia nyumbani kwa daktari. Na hapo ni Oktoba, mvua inanyesha, lakini mapazia yameshushwa nusu kama ya kuzuia jua, na Watson anajisifu kwamba nyuzijoto 90 za Fahrenheit si kitu kwake. Mvua, London, mwezi wa kumi, nyuzijoto 90!

Nikasema basi, kitabu kimechezewa. Sikilizeni wazimu ulifika wapi: niliamini kwamba shemeji, mtu ambaye hawezi kutundika saa ukutani ikanyooka, alichana hadithi nzima, akachapisha kurasa za bandia, akazibandika mahali pengine ili kuficha uhalifu.

Nikaazima kioo cha kukuzia cha binti yangu. Kila jioni, mlango nimefunga, nakagua mshono wa kitabu. Nilipata unywele mmoja, doa la mviringo na uzi wa bluu. Shemeji ana shati la bluu. Nikaviweka kwenye bahasha tatu na kila moja nikaiandika tarehe.

Jumapili ndugu walikuja kututembelea. Nilingoja wote wakae, nikasimama dirishani, mikono nyuma.

"Huenda mnajiuliza kwa nini nimewakusanya," nikaanza.

"Hukutukusanya," akasema mama mkwe. "Tumekuja wenyewe."

Sikuyumba. Nikamgeukia mtuhumiwa. "Shemeji, yako wapi masikio?"

Kimya. Mama mkwe akajishika ya kwake.

"Masikio gani, shemeji?"

"Ya kwenye chumvi!"

Mke wangu akauliza taratibu, kwa ile sauti yake ya mbele za watu, kama dawa ya presha nimekunywa. Nikamwaga bahasha mezani. Nikaeleza jalada, mshono, Agosti iliyogeuka Oktoba, uzi wa bluu. Shemeji akautazama uzi, akalitazama shati lake, na nikaapa nimeona jasho.

Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, akanyoosha mkono. "Baba, hebu nikione." Akakifungua, akapekua mpaka mwisho, midomo ikichezacheza. "Kurasa zinafuatana zote. Hakuna hata moja iliyoruka. Na hapa mbele kwenye yaliyomo wameandika hadithi kumi na moja."

Wiki mbili nzima na kioo cha kukuzia, na namba za kurasa sikuwa nimezitazama.

Mtoto huyohuyo akachukua simu, na dakika tano baadaye akatusomea kilichotokea. Hadithi ya masikio ilitoka gazetini Januari 1893. Lilipofika suala la kuiingiza kwenye mkusanyiko wa pili, ikaachwa nje. Inasemekana Doyle mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu ndani yake mna mambo ya mke na mume na mtu wa tatu, na vitabu hivi vilisomwa na vijana. Lakini kile kipande cha kusoma mawazo kilikuwa kizuri mno kutupwa, kikahamishiwa hadithi ya mgonjwa, mvua ikashonewa juu na joto likasahauliwa ndani. Mwaka 1917 masikio yakarudi kupitia mkusanyiko wa nne. Tangu hapo wachapishaji hawajakubaliana: wengine huyaweka kitabu cha pili, wengine cha nne. Cha pili changu kilidhani yako cha nne, na cha nne changu kilidhani yako cha pili.

Kwa hiyo mwizi alikuwa mwandishi, na alikuwa amefariki tangu 1930.

Nikamwomba shemeji radhi mbele ya wote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alicheka tu, akasema, "Hamna neno, shemeji," akaomba aondoke na bahasha ya uzi kama kumbukumbu.

Siku kumi baadaye nikakuta mlangoni sanduku dogo la kadibodi lenye jina langu, limefungwa kwa kamba. Mke wangu ndiye aliyelifungua. Majirani watatu walisikia ukelele. Chumvi ya mawe, imejaa mpaka juu, na ndani ya chumvi masikio mawili ya manyoya: moja la dubu, moja la sungura. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, mkusanyiko wa nne wa Sherlock Holmes. Yaliyomo: hadithi nane.

Nikaiokota kamba. Katika kisa chenyewe Holmes anaanza na kamba na fundo lake, nami nikafanya hivyohivyo. Fundo la vitanzi viwili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, ncha zimezungushwa mara mbili. Fundo hilo nalifungua kila jioni kwenye viatu vya shule. Nikaenda chumbani kwa binti yangu, nikachungulia chini ya kitanda. Dubu alikuwepo, na sikio moja.

Nilirudi sebuleni, nikasimama dirishani, mikono nikaiweka nyuma, nikakohoa kidogo.

"Kaa chini," akasema mke wangu.

Nikakaa.