Laini Yangu Imejaa, Mama

Mwezi wangu wa kwanza Paris nilikuwa na neno moja tu la Kifaransa nililolimudu: ligne. Lilinikaa kichwani upesi kwa sababu kwetu Tanga tunalo, laini, ile kadi ya simu. Kule nikalikuta kwenye vibao vya metro: ligne 4 ya kwenda Château Rouge kutafuta mihogo, na ligne 13, yangu ya kila siku. Basi ligne ni njia ya treni. Kwisha maneno.

Jumapili moja rafiki yangu akanipeleka kwa wakwe zake Wafaransa kula chakula cha mchana. Viazi vimeokwa kwa malai na jibini, na mimi mtoto wa pwani sikufundishwa kukataa sahani. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Nilipoomba ya tatu, mama mkwe akacheka, akaninyooshea kidole: "Attention à la ligne!"

Angalia laini! Mkono ukaruka mfukoni, simu ipo. Ah, kumbe anasema treni. Ana huruma huyu mama, anaogopa nitapotea nikirudi.

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamjibu kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. "Yangu naijua. Ni ndefu, imejaa saa zote, asubuhi ndiyo usiseme, mpaka milango haifungi. Ikifika La Fourche inagawanyika mara mbili: huku Saint-Denis, huku Asnières."

Rafiki yangu akanikanyaga chini ya meza. Nikadhani ananipa moyo, nikaongeza: "Na siku nyingine inanuka kidogo, lakini nimeshaizoea."

Baba mkwe akatua glasi. Binti yao akajifunika uso kwa kitambaa. Mama akanitazama kuanzia kifuani kushuka, taratibu, kama anayetafuta hiyo Saint-Denis iko upande gani.

"We bwana," rafiki yangu akaninong'oneza, "ligne ni umbo lako. Anakutania usije ukanenepa."

Sahani ya tatu niliimaliza, lakini kwa aibu.

Jumatatu darasani tulikuwa na imla. Mwalimu akafika mwisho wa aya, akanikazia macho, akasema: "Point, à la ligne!"

Wenzangu wote wakaanza mstari mpya. Mimi nikavuta tumbo ndani.