Bertram 31 kuukuu: uifufue au uachane nayo?

Wapenzi wa uvuvi wa bahari kuu huko Florida na pwani ya mashariki ya Marekani wanabishana mpaka leo juu ya Bertram 31. Boti hii ya faiba, ya futi 31, ilianza kuuzwa mwaka 1961 na iliendelea kuundwa hadi miaka ya 1980. Ukikuta iliyochakaa ikiuzwa, bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na boti mpya, na hapo ndipo tamaa inapoanza. Wapo wanaosema nunua, ifufue, utadumu nayo. Wapo wanaosema utazika fedha zako. Mimi niko upande wa kuifufua, ila kwa masharti.

Heshima ya boti hii imetoka kwenye umbo lake. Mchoraji Ray Hunt alikipa kitako umbo kali la V kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), wakati boti nyingi za mwendo kasi zilikuwa bapa upande wa tezi. Mwaka 1960 Richard Bertram, ambaye boti hii imebeba jina lake, alishinda mbio za Miami hadi Nassau kwa boti ya mbao ya umbo hilo, Moppie, bahari ikiwa imechafuka. Umbo likahamishiwa kwenye faiba. Aliyewahi kusafiri kipindi cha kusi katika boti ya kitako bapa, kila wimbi likimgonga uti wa mgongo, haambiwi faida ya kitako kinachopasua maji.

Tena bodi yake ni faiba tupu, nene, haina ubao katikati wa kuoza. Na ukiamua kuitupa, utaipeleka wapi? Faiba haiyeyushwi ikaundwa upya kama chuma au alumini. Nyingi huishia jalalani. Kuitupa bodi nzima yenye uwezo wa kufanya kazi miaka mingi ijayo naona ni israfu.

Wapinzani wana hoja nzito pia, nao wanaitazama zaidi ya bodi. Kuta za ndani ni za plaiwudi, na maji huingia taratibu penye bolti. Fundi anayejua kazi hupita na nyundo ndogo akigonga na kusikiliza: palipo pazima hulia mlio mkavu, palipooza sauti hufifia. Pakikatwa unakuta ubao mweusi, umelowa, unachanguka vidoleni. Kiraka nacho hakibandikwi juu juu. Faiba ya zamani husagwa kwa mteremko mrefu, takriban mara 12 ya unene wake, ndipo tabaka mpya zilale juu yake kwa gundi ya epoksi. Vumbi lake linawasha na kuumiza mapafu, na saa za fundi ndizo zinazokomba fedha.

Kuna na tangi. Baadhi ya Bertram za zamani zilifungwa matangi ya petroli ya faiba. Petroli yenye ethanoli (aina ya alkoholi) ilipoenea Marekani, ethanoli ilianza kuyeyusha resini, yaani gundi inayoishika faiba, ya matangi hayo, ikawa utope mweusi unaonata kwenye valvu za injini. Mwenye boti angeweza kufanya ovahaoli kamili ya injini, lakini asipobadili tangi ugonjwa unarudi palepale. Ndiyo maana nasema hesabu injini kuukuu kuwa haina thamani, hata kama inawaka siku ya kuuziwa, na gharama ya tangi jipya iingie kwenye mapatano ya bei.

Wengine hung'oa injini za ndani wakapachika za nje kwenye tezi. Unapata nafasi, na matengenezo huwa mepesi. Mimi siafiki. Uzito uliokuwa katikati unarudi nyuma kabisa, na boti haikuchorwa kubeba hivyo. Afadhali dizeli za ndani, maana mvuke wa petroli kwenye chumba cha injini ni hatari, na dizeli haina balaa hilo.

Jambo moja hakuna fundi wa kuliondoa. Kitako kilekile kinachopasua mawimbi boti ikikimbia huifanya iyumbe sana ikisimama, na rasharasha za maji hazikosi. Anayeburura chambo mchana kutwa akifuata marlini na jodari ataipenda. Anayetia nanga na kushusha mshipi hata akipewa bure aikatae, atafute boti yenye kitako kipana.