Nani anaogopa kipaza sauti cha BlizzCon?

Oktoba 2010, katika ukumbi wa mikutano wa Anaheim, California, kwenye BlizzCon, kongamano la mashabiki wa kampuni ya gemu ya Blizzard, kijana mmoja mwenye shati jekundu alipanga foleni ya waulizaji. Zamu yake ilipofika aliuliza habari za Falstad, kiongozi wa ukoo wa Wildhammer katika gemu ya World of Warcraft: mbona hayumo kwenye lile baraza jipya la watawala watatu? Jukwaani walikuwa wameketi watu wenye hadithi yao, wale wale walioitunga. Wakamjibu kwa swali: huyo si alishakufa? Kijana, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio, akasema hapana, hajafa, na tena ndiye kiongozi wa Aerie Peak, makao ya ukoo huo, tangu gemu ilipoanza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Baadaye Falstad akapewa kiti chake barazani, na kando yake akawekwa mhusika mdogo wa shati jekundu ambaye kazi yake ni kuhakiki habari za ukoo huo.

Ninaanza na kijana huyo kwa sababu kila mjadala kuhusu BlizzCon huishia kwenye hesabu: kongamano linagharimu kiasi gani, linaleta wateja wangapi, je, si nafuu kurusha video tu mtandaoni? Hesabu hizo zina maana. Lakini zinaiacha nje ile foleni ya waulizaji, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yote ya kongamano ilipo, na hofu yake pia.

Kwa asiyefuatilia: Blizzard Entertainment ilianzishwa mwaka 1991 na vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2005, kampuni ikawaita mashabiki Anaheim kwa mara ya kwanza. Walikuja kama 8,000. Kufikia 2010 walikuwa wamepita 25,000, na mashindano ya gemu, mavazi ya wahusika na tamasha la kufungia yalikuwa yamekuwa desturi. Ozzy Osbourne alitumbuiza 2009, Metallica 2014. Watu hulizungumzia kama kongamano la kila mwaka, ila halijawahi kuwa hivyo kikamilifu. Mwaka 2006 halikuwapo. Mwaka 2012 nao ulirukwa, kampuni ikisema ina kazi nyingi mno mezani.

Sababu hiyo ya 2012 ndiyo hoja ya msingi ya upande wa kampuni, nami siidharau. Ili mashabiki wajaribu kipande cha gemu Novemba, kuna watu ofisini wanaoacha kazi yao halisi miezi kadhaa kabla, wakisafisha kipande hicho kionekane kimekamilika ilhali nyuma yake bado ni vumbi la ujenzi. Kisha kalenda inageuka bosi: mna habari au hamna, siku ya ufunguzi lazima mseme kitu. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ililikwepa hilo mapema. Tangu 2011 inatoa habari zake kwa video iliyorekodiwa, siku inayotaka yenyewe. E3, maonyesho makubwa ya gemu ya Los Angeles, yalitangazwa kufa rasmi Desemba 2023, na wengi walikuwa wameshayaombolezea.

Lipo pia suala la nani anaingia. Tiketi ya kawaida ilikuwa dola 150 mwaka 2010. Mwaka 2023 ilifika dola 299, kabla ya hoteli na nauli. Shabiki wa Mombasa au Bujumbura aongeze viza ya Marekani, kama ataipata. Kwake yeye, mkutano wa mtandaoni wa Februari 2021, uliofanywa bila kiingilio kwa sababu ya korona, ulikuwa BlizzCon ya kwanza iliyomhesabu kama mgeni. Anayesema video inatosha ana watu wengi nyuma yake, wengi kuliko wanaoweza kuenea katika ukumbi wowote.

Na ukumbi wenyewe hukosea. Novemba 2018 kampuni ilipanda jukwaani na kutangaza Diablo Immortal, gemu ya simu, mbele ya watu waliosafiri wakitarajia Diablo mpya ya kompyuta. Shabiki mmoja akauliza kama hiyo ni mizaha ya siku ya wajinga iliyochelewa. Wyatt Cheng, mbunifu wa gemu hiyo, alipozomewa kwa kusema haitakuwapo kwenye kompyuta, akauliza: kwani nyie hamna simu? Sentensi hiyo imemfuata hadi leo. Nikiri kwamba kwetu swali hilo lisingeudhi mtu. Simu ndiyo tuliyonayo, na kompyuta ya kuchezea gemu ni ya wachache. Gemu ilipotoka Juni 2022 iliingiza fedha nyingi, ikionyesha kwamba waliozomea hawakuwa soko lote. Lakini hata hapo ukumbi haukuwa umekosea kabisa. Kilichowatia shaka ni tabia ya gemu za simu kumkamua mchezaji kidogo kidogo, na Diablo Immortal haikutolewa kabisa Ubelgiji na Uholanzi, nchi ambako sheria zinabana uuzaji wa bahati nasibu ndani ya gemu.

Mwaka uliofuata kampuni ilikuja Anaheim ikiwa na deni zito zaidi. Oktoba 2019 ilikuwa imemfungia mchezaji wa Hong Kong, anayejulikana kama Blitzchung, kwa kauli ya kuunga mkono waandamanaji wa kwao, na kumnyang'anya zawadi yake. Baada ya kelele ilimrudishia fedha na kupunguza adhabu kutoka mwaka mmoja hadi miezi sita. Tarehe 1 Novemba rais wa kampuni, J. Allen Brack, alifungua kongamano kwa kukiri kwamba walikuwa wepesi wa kuamua na wazito wa kuzungumza na watu wao. Nje ya ukumbi waandamanaji walikuwa wamesimama. Kama mkutano ungekuwa video iliyorekodiwa, sidhani kama maneno hayo yangesemwa. Lakini adhabu haikufutwa, kwa hiyo anayesema ulikuwa msamaha wa jukwaani tu naye ana hoja.

Turudi 2010, maana siku zile za shati jekundu kulikuwa na swali lingine ambalo halikupokewa vile. Mwanamke mmoja aliuliza, kwa adabu na kwa kusema anaipenda gemu hiyo, kama wahusika wa kike wenye nguvu wangeweza kuacha kuonekana kama wametoka kwenye katalogi ya Victoria's Secret, wauzaji wa nguo za ndani za kike. Wanaume waliokuwa jukwaani walicheka, wakamjibu kwa utani, wakaendelea. Julai 2021 jimbo la California liliishtaki kampuni mama, Activision Blizzard, kwa ubaguzi na unyanyasaji wa wanawake kazini, na katika madai hayo kilitajwa hata chumba cha hoteli cha wakati wa BlizzCon. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 54 Desemba 2023, bila mahakama kuthibitisha madai ya unyanyasaji. Lakini ile video ya 2010 ilifufuka wiki hizo hizo za Julai, na hapakuwa na wa kuitetea.

Ukumbi mmoja, mwaka mmoja, maswali mawili. Aliyesahihisha hadithi alisikilizwa na gemu ikabadilika. Aliyeuliza kuhusu heshima alichekwa, na jibu lake likaja baada ya miaka kumi na moja. Ndiyo maana siwezi kuisifu BlizzCon kama baraza la wananchi. Haikuwa hivyo. Ila video hiyo ipo kwa sababu kulikuwa na foleni na kipaza sauti. Matangazo ya kurekodi hayaachi ushahidi wa namna hiyo.

Kongamano lilisimamishwa, likarudi Novemba 2023 wiki chache baada ya Microsoft kuinunua kampuni, kisha likafutwa tena 2024. Badala yake, Novemba mwaka huo, mashabiki wa Warcraft walipewa video ya kuadhimisha miaka 30 ya mfululizo huo wa gemu, ulioanza kabla ya World of Warcraft. Ilikuwa safi, fupi, yenye habari za kutosha, na sikumbuki hata mtu mmoja ndani yake aliyeonekana kushtuka.

Baadaye Blizzard ilitangaza kurudi Anaheim tarehe 12 na 13 Septemba 2026. Wengine watatafuta kwenye ratiba jina la bendi na gemu zitakazozinduliwa. Mimi nitatafuta kipindi cha maswali, kimepewa dakika ngapi, na kama waulizaji watapanga foleni wenyewe au watachaguliwa kabla.