Uchovu wa Mpigakura na Foleni Isiyosogea

Kila msimu wa uchaguzi unapoelekea ukingoni, kauli moja husikika kila kona: watu wamechoka. Wamechoshwa na mabango, na vipaza sauti, na jumbe za simu wasizoziomba, na ndugu wanaonuniana kwa ajili ya wagombea wasiowafahamu hata kwa salamu. Matokeo yakitangazwa na waliojitokeza wakaonekana wachache, uchovu huo huo hutolewa kuwa sababu, na mjadala ukaishia hapo. Wengine huikataa hoja hiyo katakata, wakisema kwamba hakuna raia anayechoka haki yake, bali huwekewa vikwazo asiifikie. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea pale zinapochukulia uchovu na vikwazo kuwa mambo mawili yasiyokutana.

Uchovu upo, na si jambo la kubeza. Huko Bulgaria, kati ya Aprili 2021 na Oktoba 2024, wananchi waliitwa kuchagua bunge mara 7, kwa kuwa vyama vilishindwa kuunda serikali ya kudumu. Mara ya kwanza walijitokeza takriban nusu ya wapigakura. Kufikia Juni 2024 walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Hata hivyo, Israeli ilifanya chaguzi 5 kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022, nayo pia kwa sababu ya mkwamo, na kila mara walijitokeza zaidi ya asilimia 67. Tofauti, nionavyo, ni kwamba kwa Waisraeli swali lilikuwa bayana, yaani Benjamin Netanyahu awe waziri mkuu au asiwe, na kila mmoja alijua kura yake inaegemea wapi. Kinachomchosha mtu, basi, si kuitwa mara nyingi, bali ni kuitwa tena bila kuelewa wito uliopita ulizaa nini.

Wanaouona uchovu kuwa ndio ugonjwa hupendekeza kampeni zifupishwe. Japani, kampeni rasmi za uchaguzi wa baraza la wawakilishi huchukua siku 12, ilhali nchini Marekani mtu anaweza kutangaza nia ya kugombea urais karibu miaka miwili kabla ya siku ya kura. Utulivu wa siku 12 unatamanisha, lakini una gharama yake. Aliyeko madarakani jina lake linajulikana tayari, na picha yake imo katika habari kila siku; mgombea mgeni, asiye na fedha wala jina, atakuwa hajamaliza kujitambulisha muda ukiwa umekwisha. Dawa ya uchovu inaweza kuwa yenyewe ni kikwazo.

Kwa upande wa vikwazo, hoja zinahitaji uangalifu zaidi ya zinavyopewa kwa kawaida. Uingereza ilipoanza kudai kitambulisho chenye picha katika chaguzi za mitaa za Mei 2023, Tume ya Uchaguzi iliripoti kwamba watu wapatao 14,000 walikataliwa vituoni na hawakupiga kura, sawa na asilimia 0.25 ya waliofika. Watetezi wa sheria husema idadi hiyo ni ndogo, na kwa hesabu ya waliofika ni ndogo kweli. Lakini hesabu ya mlangoni haimwoni aliyejua hana kitambulisho akabaki nyumbani. Nayo haki inadai tukiri upande wa pili: utafiti wa Enrico Cantoni na Vincent Pons, uliochapishwa 2021 na kuchunguza majimbo ya Marekani kati ya 2008 na 2018, haukukuta kwamba sheria kali za vitambulisho zilipunguza kwa kiasi cha maana idadi ya wapigakura kwa ujumla. Wanaotabiri maafa kila sheria ya namna hiyo inapopitishwa wanapaswa kuujibu utafiti huo, wasiupite kimya.

Na tumtazame mtu mmoja tu katika foleni. Amefika alfajiri, amesimama kwa muda wa saa 2, zamu yake ya kazi inakaribia. Karani anapitisha rula juu ya daftari la wapigakura, jina baada ya jina, anafunua ukurasa, anarudi nyuma; jina halipo. Anaelekezwa kituo kingine. Angekuwa na hamasa, angekwenda. Kwa kuwa miezi kadhaa ya kampeni imeshamwambia kwamba wote ni wale wale, anarudi zake, na takwimu zitamwandika miongoni mwa wasiojali. Kikwazo kilikuwa kidogo, na ni uchovu uliokifanya kitoshe.

Ndiyo maana naona hatari kuisoma asilimia ya waliojitokeza kana kwamba inajieleza yenyewe. Kenya, mwaka 2017, ilishuka kutoka takriban asilimia 79 mwezi Agosti hadi kama 39 katika marudio ya Oktoba, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha matokeo ya urais. Ndani ya anguko hilo mlikuwamo uchovu, bila shaka. Mlikuwamo pia wito wa Raila Odinga wa kususia, na zilikuwamo kaunti kadhaa za Nyanza ambako kura haikupigwa kabisa.

Australia ilijaribu njia nyingine: tangu 1924 sheria inamlazimu raia kupiga kura, na waliojitokeza wakapanda kutoka chini ya asilimia 60 mwaka 1922 hadi zaidi ya 91 mwaka 1925. Wapinzani husema kumtoza mtu faini, hata ya dola 20, ni kumnyima haki ya kukaa kimya, na hoja yao ina uzito. Ila sharti hilo huibana serikali pia, kwani haiwezi kwa haki kumtoza faini mtu iliyemfichia kituo. Uchaguzi wa huko hufanyika Jumamosi. Wamarekani, chini ya sheria ya 1845 iliyowafaa wakulima wenye farasi, bado humchagua rais Jumanne, siku ya kazi.